Kuni Alizopasua Masanja

Mjukuu wangu Maige amerudi kutoka semina mjini Shinyanga na karatasi. Ameibandika ukutani juu ya kitanda chake, na juu kabisa ameandika MAMBO YA KUFANYA LEO. Nikavaa miwani nikasoma. Kupiga mswaki. Kunywa chai. Kupiga viatu rangi. Kumjulia hali babu. Huyo babu ni mimi, nami nalala chumba cha pili. Jioni nikapita tena, nikakuta mswaki umetiwa alama, chai imetiwa alama, viatu vimetiwa alama, na babu bado yuko mwisho wa karatasi anasubiri kujuliwa hali.

Basi ninyi vijana mnaofundishwa kupanga kazi na watu wenye kalamu nne mfukoni, kaeni chini. Mimi ni Mabula, mtu wa Samuye, mhunzi mstaafu. Nimepiga chuma tangu miaka ile ya baada ya vita vya pili vya dunia, mgodini upande wa Geita, mpaka mikono yangu ilipokataa yenyewe. Sikuandika orodha hata siku moja. Lakini nilifundishwa kupanga kazi, na aliyenifundisha hakuwa na karatasi wala ukuta wa kuibandika.

Mnachokosea ninyi ni kwamba mnapanga kazi kama watu wanaopanga foleni ya kisima. Iliyofika mwanzo inachota mwanzo. Au mnaanza na rahisi ili mjisifu kwamba mmemaliza nne kabla ya saa tatu. Hamjiulizi kila kazi inakula nguvu gani. Mnadhani nguvu ni moja, kama maji ndani ya mtungi, unachota tu mpaka ukauke. Ndiyo maana mnarudi jioni mmechoka na hamjui mlichofanya.

Mgodi wetu ulikuwa mdogo, wa Mzungu mmoja aliyekuwa akivaa kofia hata akiwa ndani ya nyumba. Karakana yetu ilikuwa banda la mabati, lenye mlango mmoja uliotazama magharibi. Kumbukeni mlango huo. Kazi yetu kubwa ilikuwa tindo. Kule chini ya ardhi mtu mmoja alishika tindo ukutani kwa mwamba, akaizungusha kidogo kidogo, na mwenzake akaigonga kwa nyundo, mpaka tundu la baruti lipatikane. Mwamba wa dhahabu hauna adabu. Tindo ilishuka asubuhi ikiwa kali, ikarudi kwetu butu kama kisigino.

Sasa, kutengeneza tindo kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kuifua. Unaipasha moto, mwenye koleo anaishika juu ya fuawe, lile pande la chuma la kufulia, wapiga nyundo wawili wanaipiga kwa zamu mpaka ncha irudi. Hiyo hata punda angefundishwa kama angekuwa na vidole. Ya pili ni kuinywesha maji. Unaipasha ncha mpaka iwe nyekundu, unaichovya, unaitoa, unaisugua upesi kwa kipande cha jiwe ing'ae, kisha unatazama. Rangi zinatembea kuelekea nchani. Inakuja kwanza rangi ya mabua makavu ya mtama, halafu kahawia, halafu zambarau, halafu buluu. Mabua yakifika nchani, unairudisha majini papo hapo. Ukiwahi kabla ya mabua, tindo inakuwa ngumu kama kigae na itapasuka kama kigae. Ukichelewa mpaka buluu, itajikunja kama ulimi wa mbwa mwenye kiu.

Mkuu wa karakana alikuwa Mzee Kaboja, wa kabila la Warongo, wale ambao babu zao walikuwa wakiyeyusha chuma katika misitu ya kule kabla Mzungu hajaijua njia. Mfupi, mkavu, hana maneno. Kila asubuhi alipokea kazi zote zilizoletwa, akazigawa chini kwenye sakafu. Za mkono aliziweka kando ya fuawe. Za jicho aliziweka kando ya pipa la maji. Za ulimi aliziweka mlangoni. Mtaniuliza kazi ya ulimi ni ipi katika uhunzi. Ni kama kwenda kumwomba karani wa stoo makaa. Karani yule alikuwa mtu wa kujiona, alipenda kukusimamisha dirishani huku akitafuta kitu ambacho hakikupotea. Kwa hiyo kapu tupu la makaa likiwekwa mlangoni, wote tulijua kuna safari ya ulimi.

Utaratibu wake haukubadilika. Asubuhi, banda likiwa na kivuli na macho hayajaona moto, tunanywesha. Tukishakunywa uji, mmoja anakwenda stoo, maana mwenye njaa hajui kuomba, anajua kugombana tu. Baada ya hapo ni nyundo mpaka kazi iishe. Tindo tulizozifua leo zililala chini mpaka kesho asubuhi ndipo zikanyweshwa. Watu waliopita mlangoni waliona chuma kimelazwa, wakasema wahunzi wa Kaboja wavivu, hata chuma chao kinalala.

Siku moja nilimwuliza kwa nini tusianze na nyundo, tumalize zito tukiwa na nguvu. Akanitazama kama anayetazama mbuzi aliyeingia jikoni.

"Mkono ukichoka unaudanganya kwa wimbo," akasema. "Jicho utaliimbia nini?"

Mimi nilikwenda na swali hilo mpaka nyumbani.

Sasa nije kwa Masanja. Masanja alikuwa mpiga nyundo mwenzangu, mtu wa Tinde, kifua kama mlango wa ghala. Mkitaka kumjua, sikieni hii. Siku moja Mzee Kaboja alimtuma stoo baada ya uji. Masanja akasema ngoja kwanza nimalize hizi tindo. Akapiga nyundo mpaka jasho likamwingia machoni, kisha akaenda dirishani kwa karani huku anahema. Karani akamwambia asubiri. Masanja akamwita fisi jike mbele ya watu. Tulipewa makaa baada ya siku kadhaa, na siku hizo zote tulikaa kwenye karakana baridi tukitazamana. Mngedhani alijifunza. Masanja hakuwa mtu wa kujifunza kitu ambacho hakiwezi kupigwa nyundo.

Na kulikuwa na ngoma. Ninyi wa leo ngoma mnaiona kwenye sherehe za serikali, mnapiga makofi mnakwenda zenu. Wakati ule, kwetu Usukumani, mtu alikuwa Mgika au Mgalu. Makundi mawili ya ngoma, yanashindana kila baada ya mavuno, na ushindani haukuishia uwanjani, uliingia shambani na hata kwenye harusi. Masanja alikuwa Mgika, tena mwanzishaji wa nyimbo. Mimi nilikuwa Mgalu. Tulipopiga nyundo kwa zamu juu ya fuawe moja, unadhani ilikuwa kazi? Ilikuwa mashindano. Yeye anaanzisha wimbo wa kunisema, mimi namjibu, na wapita njia wanasimama mlangoni kushangilia. Mzee Kaboja alituacha, kwa sababu saa ya jicho ilikwisha pita, na mkono unakubali kuimbiwa.

Masanja alikuwa ameoa Tinde, kwa Mzee Sosoma. Alipokwenda likizo alirudi na shemeji yake, Ngasa, mdogo wa mkewe, kijana mpole wa kucheka kwa aibu. Akapata kazi ya kushika tindo kule chini. Masanja alitusimulia mwenyewe, kwa majivuno, jinsi baba mkwe alivyomkabidhi kijana. Alimshika Ngasa mkono, akauweka ndani ya mkono wa Masanja, akasema: "Umrudishe kama nilivyokupa." Mkwe kukabidhiwa mtoto wa kiume wa nyumba ni heshima kubwa kwetu, na Masanja aliivaa kama kanzu mpya.

Ikatokea msiba Runzewe, kwa ndugu zake Mzee Kaboja. Akaondoka. Kwa kuwa Masanja alinitangulia kazini, karakana ikabaki mikononi mwake.

Asubuhi hiyo hiyo akasimama katikati ya banda, mikono kiunoni. Tulikuta tindo za jana zimelala, akazisukuma pembeni kwa mguu.

"Leo hakuna kulaza chuma," akasema. "Tunafua zote, halafu tunanywesha zote kwa mara moja. Kunywesha ni kazi ya kukaa. Tutakaa jioni tukiwa tumechoka."

Nikamwambia, "Jioni jua linaingia mlangoni, na macho yatakuwa yamejaa moto. Mzee hafanyi hivyo."

Mngesikia kicheko chake. Akawageukia vijana waliovuta mivukuto ya kupulizia moto.

"Mmemsikia Mgalu? Mkono umeshalegea, anataka akae majini kama chura!"

Banda zima likacheka. Ningesema nini tena? Kila neno langu lingekuwa neno la Mgalu anayeogopa kushindwa. Kama ningekuwa Mgika mwenzake labda angenisikia. Akaanzisha wimbo, nami nikapiga, tena nikapiga kwa hasira, na nawaambia kweli siku ile tulifua tindo nyingi kuliko siku yoyote niliyoiona. Mzungu alipita akasikia kishindo, akatabasamu chini ya kofia yake. Wakubwa wanapenda kelele za nyundo. Ni kama ninyi na alama zenu kwenye karatasi.

Jioni Masanja akakaa kwenye pipa kunywesha. Macho mekundu kwa moto wa kutwa. Jua limeinama, linaingia mlangoni moja kwa moja, na banda zima limegeuka rangi ya mabua. Pipa rangi ya mabua, koleo rangi ya mabua, uso wa Masanja rangi ya mabua. Kila tindo aliyoitoa majini ilionekana imeiva kabla haijaanza kuiva. Akachovya, akachovya, akachovya, huku anaimba.

Kesho yake tindo zikashuka chini. Haikufika mchana wakampandisha Ngasa. Alikuwa amefunika uso kwa kiganja, na damu inapita kati ya vidole. Tindo ilipasuka nchani ilipogongwa, na kipande kikamwingia jicho la kushoto. Dresa wa mgodi, yule wa kufunga vidonda, alimfunga kitambaa, akampeleka hospitali kwa lori. Jioni dereva akarudi akasema jicho halipo tena. Alisema hivyo hivyo, kama anayesema sukari imekwisha dukani.

Nilimtafuta Masanja nikamkuta kwenye fuawe anapiga chuma. Chuma chenyewe kilikuwa kimepoa zamani. Hakuimba.

Mzee Kaboja alirudi akatukuta hivyo. Mtu alikuwa amemweleza njiani. Akaiokota ile tindo, akatazama palipopasuka, akaiweka chini taratibu. Sisi tulingoja matusi. Akauliza kitu kimoja tu.

"Mzee Sosoma ameambiwa?"

Masanja akainua nyundo.

"Nikimaliza hizi, Mzee, nitakwenda."

Mzee Kaboja akamfuata, akaishika ile nyundo kwenye mpini ikiwa bado hewani. Mtu mfupi namna ile, na Masanja jitu zima.

"Hii unaipiga ili uchoke," akamwambia. "Ukichoka utasema huna nguvu za kusema. Weka chini. Panda lori la kupitia Kahama, shuka Tinde. Lala njiani upumzike. Ufike asubuhi. Kabla hujashika kitu chochote mkononi, wala maji ya kunywa, useme. Kazi hii ya ulimi haingoji uji. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mzee."

"Mabula utakwenda naye. Lakini wewe mdomo wako si wako. Alikabidhiwa yeye."

Tukaenda. Sijawahi kusafiri na mtu mwenye bidii kama ile. Lori likikwama, Masanja ndiye wa kwanza kusukuma. Likipakua, Masanja anabeba magunia ambayo si yake. Tulipolala njiani hakulala, alimsaidia mwenye nyumba kurudisha paa la banda la kuku. Watu walimshukuru sana. Wabeja, wabeja, kijana ana moyo! Nami nimeketi pale na mdomo usio wangu.

Tulifika Tinde asubuhi, umande ungali kwenye majani. Mzee Sosoma alikuwa amekaa mbele ya zizi, mama mkwe akajificha ndani kama ilivyo ada. Tukaamkia. Mzee akapokea kwa furaha, akauliza habari za kazi, akauliza habari za kijana.

"Yupo," akasema Masanja.

Na pale pale, naapa, macho yake yakaangukia shoka. Lilikuwa limeegemea gogo la mninga ambalo halijapasuliwa. Kwetu mkwe akifika kwa wakwe akikuta kazi, anaifanya, ndiyo heshima. Hakuna ambaye angemlaumu. Akavua shati.

Alipasua kuni toka asubuhi mpaka kivuli kikahama upande wa pili wa nyumba. Majirani walikuja kutazama. Mama mkwe, kwa kujificha kwake, alitoa kichwa dirishani akapiga vigelegele. Mzee Sosoma akaniambia, "Mkwe wangu anajua kazi," nami nikatazama miguu yangu. Rundo likapanda mpaka usawa wa kiuno, limepangwa vizuri ukutani, magome yanatazama nje.

Alipokaa hatimaye, alimaliza kikombe cha togwa kwa pumzi moja. Sauti imekauka. Macho yanafumba kwa uchovu.

"Baba," akasema, "Ngasa ameumia kidogo."

"Kidogo wapi?"

"Usoni."

"Atapona?"

"Atapona, baba."

Basi. Tukala, tukaaga, tukapewa kuku. Njiani nilimtukana Masanja mpaka maneno ya Kisukuma yakaniishia, nikahamia Kiswahili. Alisinzia. Alikuwa amechoka.

Ngasa alipotoka hospitali tulimsindikiza nyumbani. Masanja alikuja, sitamnyima hilo. Mama yake Ngasa aliposikia sauti ya mwanawe alisahau ukwe wote, akakimbia nje, akamkuta ana kitambaa upande mmoja. Akakiinua. Sitaeleza alivyolia, kwa sababu sikuwahi kusikia tena kilio kama kile na sitaki kukisikia hata kwenye karatasi.

Mzee Sosoma alimtazama mwanawe. Kisha akamgeukia Masanja.

"Siku ile ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, baba."

"Ukiwa na shoka langu mkononi?"

Mzee hakupiga kelele. Alimwambia mkewe, bila kugeuka, "Mama Ngasa, zile kuni usizipikie."

Mjue kwamba binti yao hawakumrudisha, wala ng'ombe wa mahari hawakuguswa. Ngasa mwenyewe alichunga ng'ombe wa baba yake, akaoa, akazaa, na kila aliponiona alicheka kwa aibu kama zamani. Karakana nayo ilikuja kupungua. Zikaja mashine za kutoboa, zikaja na ncha zake zimenolewa Ulaya, na Mzee Kaboja akarudi kwao. Siku ya kuondoka aliugawa mzigo wake chini kama alivyokuwa akizigawa kazi. Mlangoni, mahali pa kazi za ulimi, hakuweka kitu.

Nimemweleza Maige haya yote jana. Alisikiliza vizuri, akatikisa kichwa. Kisha akaenda ukutani na kalamu, akamkata babu kule chini akamwandika wa kwanza. Nikafurahi. Halafu akakaa kitandani akaanza kupiga viatu rangi.

Nami nikakumbuka nilivyopita Tinde miaka mingi baadaye, Masanja tayari mtu mwenye mvi, tuko pamoja. Wazee wale walikuwa wamekwisha fariki. Tukaingia kusalimu waliobaki. Nyuma ya nyumba rundo lilikuwepo bado, ukutani, usawa wa kiuno, magome yanatazama nje. Mchwa walikuwa wamekula ndani wakaacha umbo. Hakuna aliyewahi kutoa hata kipande kimoja. Masanja alinyoosha mkono akagusa ukuni mmoja, ukamomonyoka vumbi kwenye vidole.

"Mabula," akasema, "siku ile nilikuwa na nguvu za kutosha kusema nilipofika hapa."